Abiria wa Morris Nyeusi

Injini ilikuwa ya moto. Placidius aliondoa kiganja juu yake haraka, akamgeukia mwenye gari.

"Mzee Kashaija, mmetoka kuliwasha hili?"

"Tuliwashe na nini? Betri si hiyo uliyokuja nayo?"

Kweli, betri ilikuwa bado chini, nyasini.

Ilikuwa mwaka 1987. Kashaija, mkulima wa kahawa wa Kiruruma, alikuwa amenunua Morris ya miaka ya hamsini kwa familia moja ya Nyakatuntu, ambako ililala miaka mingi ghalani. Jumamosi ingempeleka binti yake, Kemilembe, kanisani kufunga ndoa. Ndiyo maana alimwita Placidius, fundi wa Ihanda, aikague na kuijaribu barabarani.

Placidius alijiambia ni jua, ingawa ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye migomba. Akafunga betri, akaanza kazi. Breki zilishika vizuri. Usukani haukucheza. Giaboksi ilikwaruza kidogo kwenye gia ya pili, uzee tu. Kilichomshinda ni upande wa nyuma, kushoto. Gari lilikuwa limeinama pale. Alipiga jeki, akaifungua springi, akakagua mabamba yake moja moja: nzima. Akahamishia kushoto ile ya kulia. Aliposhusha jeki, gari likainama tena palepale, polepole, na ndani kiti kikalia kama kinachokaliwa.

"Springi ni nzima, mzee," alinong'ona. "Hili gari lina mzigo."

"Mzigo gani? Twende barabarani," Kashaija alisema upesi, akaketi mbele bila kutazama nyuma.

Waliteremka kuelekea bonde la mafunjo, gari likienda vizuri tu, hadi walipoanza kuyaona maji yaliyokata barabara, na hapo ikaingia harufu ya tope bichi na nguo zilizolowa zikakaa bila kuanikwa, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa, kisha pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyetembea mbali, ikasikika nyuma ya Kashaija, karibu kabisa na shingo yake, mpaka kola ya shati lake ikawa inacheza kila ilipotoka.

"Nishushe ng'ambo, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke.

Placidius alikanyaga breki. Waliruka nje wote wawili, wakachungulia ndani kutoka barabarani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini kimebonyea.

"Ulijua," Placidius alisema.

"Walioniuzia waliniambia kiti kile asikikalie mtu. Nikadhani wananitania."

"Na Jumamosi angekaa nani pale?"

Kashaija alifunika uso. "Kemilembe," alisema. "Mwanangu."

Jirani na bonde hilo aliishi Nyirabahire, mganga mzee aliyefika kutoka Rwanda akiwa msichana. Walipomwita alikuja na kibuyu cha dawa, rozari shingoni. Alilizunguka gari, akainusa hewa ya dirishani, akarudi nyuma.

"Si mtu tena, ingawa alikuwa mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Wakati wa mvua kubwa dereva wa gari hili alimbeba, akayaogopa maji, akamshusha hapa usiku. Mama huyo akajaribu kuvuka mwenyewe, maji yakamchukua. Mpaka leo anadai safari yake. Fundi, mvushe. Ukifika ng'ambo mfungulie mlango, kisha ukae kimya."

"Peke yangu?"

"Nipo nawe," Kashaija alisema, akapanda.

Mganga alinyunyiza dawa magurudumuni. Placidius aliingiza gia ya kwanza, akaliingiza gari majini, na kadiri maji yalivyopanda ndivyo uzito ulivyoongezeka, injini ikikohoa, usukani ukivutwa kushoto, na nyuma yao yule mwanamke akaanza kulia, kwanza taratibu kama mfiwa aliyechoka, halafu kwa kelele, akipigapiga mgongo wa kiti cha Kashaija, naye Kashaija akisali Salamu Maria bila kupumzika, mpaka magurudumu yakakamata ardhi kavu na kilio kikakatika.

Placidius alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Majani ya kando ya njia yalilala, moja baada ya jingine, yakikanyagwa.

"Asante, mwanangu."

Placidius alikuwa mtoto wa watu, amelelewa kwa adabu. Mdomo ulimtangulia.

"Karibu, mama."

Gari likainuka, likasimama sawasawa. Kashaija akacheka huku machozi yanamtoka. Lakini waliporudi, Nyirabahire alimshika fundi mkono.

"Umemwambiaje?"

"Karibu."

"Karibu wapi?"



Jumamosi Kemilembe alikaa kiti cha nyuma kushoto, akiwa na shela yake, akafika kanisani salama kwa vigelegele. Placidius alilitazama gari: halikuinama hata kidogo. Moyo ukatulia. Alikula, akanywa rubisi, pombe ya ndizi, na jua likiwa bado juu akapanda baiskeli kurudi Ihanda.

Kilima cha mwisho kabla ya kwake hakikuwa kikali. Alikuwa akikipanda kila siku bila kushuka. Siku hiyo pedali ziligoma. Tairi la nyuma lilibonyea mpaka rimu ikagonga mawe. Hakugeuka. Alikaza macho kwenye paa la nyumba yake, akasukuma pedali, jasho likimwingia machoni.

Mkewe, Mukashema, alitoka kibanjani, kwenye migomba yao, akifuta mikono. Alitabasamu, kisha akapiga magoti kwa heshima, macho yakiwa yametazama nyuma ya mgongo wa mumewe.

"Shikamoo, mama," alisema.