Mkate wa Rondal

Naomba radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti nzito na macho mekundu. Bahati mbaya mmeangukia mikononi mwa mtu ambaye hata msibani watu humkodolea macho wakisubiri aseme kitu wacheke. Nitaiharibu. Pa kunong'ona nitapiga kelele, na pa kutisha huenda nikakimbia nikawaacha peke yenu. Mnisamehe. Wanaoweza kuisimulia vizuri hawataki hata kuisikia.

Basi. Ilikuwa Septemba, jua likiinama nyuma ya mlima, Denzil Teague alipopanda ngazi za nyumba ya Shangazi Verdie kuchukua mkate.

Mkate tu. Ungemwona ungedhani katumwa na mkewe.

Lakini hiyo ilikuwa siku ya nne tangu mdogo wake, Rondal, abaki chini ya mto. Wote wawili walikuwa waongoza boti za mpira, wale wanaowateremsha wageni kwenye maporomoko ya Mto Laurel. Jumapili boti ya Rondal ilipinduka. Aliwatoa wageni wote sita, wa mwisho akamsukumia jiweni kwa bega. Maji yakamchukua yeye.

Wapiga mbizi walikuja, wakatafuta, wakaondoka wakitazama chini.

Na kesho alfajiri milango ya bwawa la juu ingefunguliwa, kama kila Septemba. Maji makubwa ya msimu. Wageni walishajaa mjini, boti juu ya magari yao, wakiulizana wapi panauzwa kahawa nzuri. Maji yale yakipita, Rondal angesombwa hadi korongoni, na huko mto haujawahi kurudisha mtu. Mama yao alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, suti ya Rondal magotini, akiinyoosha kwa kiganja.

"Vua viatu," Verdie alisema. "Unaniletea mto ndani."

"Shangazi, jua linazama."

"Linazama kila siku. Keti."

Mkate ulikuwa mezani, mviringo, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Ndani yake Verdie alikuwa ametia kifungo cha shati la Rondal. Ndivyo bibi zetu walivyowatafuta waliozama tangu enzi za kivuko: unauweka mkate mtoni, unaufuata, unapogoma kwenda ndipo alipo mtu wako.

"Jina lake nimeshaunong'oneza," alisema. "Ila wewe hutaubeba. Wewe ni damu yake, mto utawachanganya. Nani atakubebea?"

"Mimi hapa," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Hobart Lilly, anayeigiza mvushaji wa kale kwenye mchezo wa kiangazi, ule wa kuwachekesha wageni.

"Hobart!" Verdie akashika kichwa. "Mji mzima huu, Denzil, ukaniletea Hobart?"

"Wengine wanaogopa, Shangazi."

"Na wewe huogopi?" Verdie akamgeukia Hobart.

"Naogopa sana. Ila mimi nikiogopa watu hudhani naigiza."

Denzil nusura acheke. Siku nne hakuwa amecheka. Akamshika Hobart bega. "Usiudondoshe, bwana we."

"Nitaubeba kama mtoto mchanga."

Denzil akatangulia mbio kuishusha boti. Hobart akafuata kwa kijia cha msituni, mkate kifuani, peke yake. Verdie akaletwa na jirani kwa gari.

Ukingoni walikuwa watu kama ishirini. Hobart akapiga goti, akafungua kitambaa, akauweka mkate majini polepole.

Ukaelea.

Denzil akaufuata na boti, kafi mkononi. Mwanzoni ulikwenda kama mkate wowote uliotupwa mtoni: ukagonga jiwe, ukazunguka, ukapita. Aliona haya. Mtu mzima anafukuza mkate. Kisha ukaingia chini ya daraja la zamani la reli, kwenye kina kiitwacho Chungu, penye kibao cha majina ya wajenzi waliozama pale wakisimika nguzo. Wageni hupenda kupigia picha pale.

Hapo mkate ukasimama.

Maji yalikuwa yanakwenda. Mkate haukwenda.

Na mto ukanyamaza... Maporomoko yako pale pale, povu linaruka, na sauti hakuna. Denzil alisikia pumzi yake mwenyewe. Alisikia harufu pia. Mkate wa moto, kana kwamba umetoka jikoni sasa hivi, na maji yale baridi yanaweza kukung'oa meno.

Kiputo cha hewa kikapanda. Kingine.

Kisha mkono wa jaketi. Wa njano.

"Rondal," alinong'ona.

Akainama, akauingiza mkono wake hadi kwenye kwapa. Akapata vidole. Baridi, laini, kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Akavishika.

Navyo vikamshika.

Sisemi vilinasa. Vilimshika, kimoja kimoja, vikakaza, kama mtu anayeshikilia kamba.

"Nimekupata! Mdogo wangu, nimekupata, twende nyumbani, mama anasubiri..."

Mkate ukatikisika.

Ukageuka. Ukaanza kupanda mto, kinyume cha maji, kuelekea ukingoni waliposimama watu. Ulikwenda kwa haraka, kama mbwa aliyenusa kitu.

Vidole vikalegea. Kimoja... Cha pili...

"Hapana. Hapana, Rondal! Nishike!"

Cha nne kikatoka.

Jaketi la njano likazama, na nyuma ya mkate maji yakavimba, uvimbe mrefu, kitu kikubwa kikipita chini bila kupasua uso wa mto. Watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Mkate ukafika ukingoni, ukaanza kugonga jiwe.

Tap.

Tap.

Tap.

Verdie akausogelea, akaushika, akaugeuza. Chini, pale ambapo mtu hatazami, palikuwa na tundu. Kadiri ya kidole gumba.

"Nani kaumega?" aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

Watu wakatazamana mikono.

"Mkate wa aliyezama huenda mzima. Ukipunguka, unaacha maiti, unatafuta kipande chake kwanza."

"Oka mwingine!" Denzil alipiga kelele kutoka kwenye boti. "Shangazi! Kifungo si bado kipo?"

"Jina hunong'onezwa mara moja tu, mwanangu."

"Labda ni panya," akasema Hobart.

Hakuna aliyecheka.

Alfajiri milango ilifunguliwa. Maji yalishuka yakinguruma, na wageni nyuma yake, wakipiga mayowe ya furaha. Mama yao aliikunja suti, akaingia ndani, akafunga mlango.

Denzil ameacha kazi ya boti. Jioni hukaa chini ya daraja, kiganja wazi juu ya maji. Kwenye kiganja kile kuna alama nne za bluu. Daktari anasema ni michubuko, zitaondoka. Ni mwaka wa tatu.

Na Hobart kahamia juu kabisa ya mlima, mahali ambapo mto hausikiki hata ukinguruma. Haimsaidii. Jua likizama, kitu tumboni mwake hugeuka, kikaelekea mtoni, kikavuta. Hujifunga kwenye jiko la chuma kwa kamba ya boti. Asubuhi hukuta jiko limesogea. Na kizingiti kimelowa... kwa nje.

Najua habari za kamba kwa sababu naifunga mimi. Hobart Lilly ni mimi. Denzil hajui, akisoma hapa atajua, na akija sitafunga mlango.

Ningeweza kusema Verdie hakunionya. Ningeweza kusema kijia kilikuwa kirefu, harufu ilikuwa ya utotoni, mkono ulikwenda wenyewe. Jioni ile nilikuwa nimetoka kula nyumbani kwa mama yao. Aliweka suti kando, akanipakulia maharagwe sahani mbili.

Sikuwa hata na njaa.