Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Kwenye picha ya kwanza ya majaribio kulikuwa na kiwiko cha mtu.

Mpiga picha aliikuza kwenye kioo cha kamera, akamwonyesha muuza lenzi. "Hiki kiwiko cha nani?"

Muuza lenzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Dukani walikuwa wawili tu, na jua la saa nne asubuhi lilikuwa limejaa mpaka makabatini.

"Labda chako mwenyewe," akasema akicheka. "Lenzi pana namna hii, ukizubaa inakupiga hata viatu vyako. Mimi ningekushauri ile ya milimita kumi na sita. Hii ya kumi na nne inameza chumba kizima, lakini vya pembeni inavivuta kama mpira."

"Nataka inayomeza."

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za nyumba za kupangisha, na kamera yake kubwa ya kikazi ilistahili lenzi kama ile. Ndivyo alivyomwambia mkewe. Lililokuwa moyoni hakulisema. Miaka miwili nyuma, siku ya harusi yao, alitegesha kamera mwenyewe ukumbini, ukoo mzima ukajipanga. Akamwambia shangazi yake, aliyemlea tangu ananyonya, "Shangazi, pisha kidogo, huenei." Shangazi akatoka huku akitabasamu, akawashikia wenzake mikoba. Mwezi uliofuata akafariki.

Katika nyumba ya kwanza, tupu, inayonuka rangi mbichi, kiwiko kilikuwa kimegeuka bega. Katika ya pili hakuthubutu kutazama picha mpaka alipomaliza vyumba vyote, na alipotazama, mchana kweupe, alimwona mwanamke mzima pembeni kabisa, amevutika, shingo imerefuka, mikoba minne inaning'inia mkononi. Akasikia harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, kisha ndala zikiburuzwa nyuma yake taratibu, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu, ila alipoweka jicho kwenye kamera yule mwanamke alikuwa amesogea hatua moja kuja katikati, kichwa ameinamisha kama anayesubiri kuitwa.

Alifika nyumbani shati limelowa jasho. Mkewe, alipomsimulia, alimpokonya kamera, akaielekeza sebuleni, akabonyeza. Akakaa chini polepole.

"Yuko karibu na kochi," alinong'ona. "Mume wangu, huyu si shangazi?"

"Sema taratibu. Anasikia."

Mganga aliitwa siku hiyohiyo. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, asiye na maneno mengi. Alifukiza udi kila chumba, akatazama ile picha, akamgeukia mpiga picha.

"Hili ni jini, limevaa sura ya marehemu. Limepata pa kuingilia. Una nini naye?"

"Lenzi ilikuwa ndogo. Hakuenea."

"Usinidanganye mimi. Utalidanganya na hilo?"

Mpiga picha alimtazama mkewe, akainamisha uso. "Angeenea," alisema. "Nafasi ilikuwepo. Gauni lake lilikuwa limepauka, kwapani limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Niliona aibu mbele ya wakwe."

Mkewe aliziba mdomo kwa kiganja.

"Basi," mganga akasema. "Mwenye nyumba ni wewe. Liamuru litoke, mara tatu, na usilegeze sauti hata likikulilia."

Akaamuru. Mara ya kwanza harufu ya kafuri ilizidi mpaka macho yakawawasha. Mara ya pili kochi lililia kama mtu mzito anayeinuka. Mara ya tatu alifumba macho, akapaza sauti, "Toka! Toka nyumbani kwangu!" na ndala zikaburuzwa kutoka kwenye kochi, zikapita mbele yake karibu kiasi cha kuhisi upepo wa gauni miguuni, zikaelekea mlangoni bila haraka, hapo zikasimama, na sauti waliyoisikia wote watatu ikasema kwa upole:

"Samahani, mwanangu. Sikujua bado nakuaibisha."

Mlango ukajifunga.

Mke akapiga picha nyingine. Sebule ilikuwa tupu, pembe hadi pembe.

"Limetoka, sivyo?" mpiga picha aliuliza. "Lilikuwa jini. Si ulisema ni jini?"

Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake, hamtazami.

"Nimetoa majini miaka thelathini," alisema. "Hutukana, hucheka, huvunja vyombo. Sijawahi kusikia hata moja likiomba radhi."