Chini ya Jina la Feliste

Niko mwanamuke mujane wa miaka sabini na moja. Naishi hapa Bunia tangu tulikimbia kwetu Djugu. Shule niliachia mwaka wa tatu wa primeri, basi munivumilie.

Mungu alinipa kitu kimoja: sisahau jina la mutu. Mutoto wa familia akitaka kujua babu yake alizaliwa na nani, wanamutuma kwangu. Mudogo wangu Feliste, aliyekuwa anauzisha samaki Kasenyi, alizoea kuniita yaya, ni kusema mukubwa wake wa tumbo moja, na kunicheka: "Yaya, weye njo biro yetu ya komine. Siku utakufa, siye wote tutakosa vitambulisho."

Vita vilitutawanya. Wengine wako kambini, wengine Kasenyi, wengine Uganda. Mujukuu wangu Neema, anayesoma mambo ya ordinateri, yaani kompyuta, akaniambia: "Koko, taja majina yote niyaweke kwa mashini, yasiende na weye." Sikukasirika. Ni kweli nitakufa.

Alichora kama muti. Muzazi katikati kwa kisanduku, watoto wakitoka pembeni kama matawi, wajukuu vilevile... Watoto wa Feliste nilitaja wote, wazima na wafu. Mimi njo niliwapokea kwa mikono yangu wakati walizaliwa.

Tawi la Feliste lilikuwa kubwa, linabana mengine. Neema akalikunja: unafinya karibu na jina, watoto wanajificha, lakini hawapotei. Kisha akataka kutuma kazi ile kwa familia. Telefone zao zikakataa kuifungua, juu hazina programu yake. Basi akaigeuza foto, akaituma kwa wote. Lakini foto inachukua tu kile kinachoonekana... Tawi lilikuwa bado limekunjwa.

Jamaa wote walishukuru. Kasenyi peke yake ikanyamaza.

Yaliyotokea kule nilikuja kuyajua nyuma. Feliste hakujua kusoma. Mutoto wake Ngabu ndiye alimusomea: "Mama, jina lako iko. Chini yako hakuna mutu." Feliste hakulia. Alisema tu: "Yaya hasahau jina. Kama ametutoa, alitaka."

Munaona, ndugu zangu? Bibi mwingine akiacha majina, watasema amezeeka. Mimi nani angenisamehe hivyo?

Kwetu, kumuandika mama bila watoto wake ni kusema watoto si wa ukoo. Siku tutarudi Djugu, kwa shamba la baba yetu watasimama kama nani?

Nilipiga telefone, hakupokea. Nilituma salamu, hazikurudi na jibu. Sikujua kosa langu! Miguu ilikuwa inaniuma, nikajisemea nitashuka Kasenyi nikipona. Nikangoja... Presha ikamuchukua Feliste mbele sijafika.

Kwenye matanga Ngabu alinipokea kama mugeni. "Mama mukubwa, kaa pale na majirani. Siye hatuko kwa muti wako." Pale pale Neema, aliyenisindikiza, akashika kichwa: alikumbuka tawi lililobaki limekunjwa. Akataka kueleza, lakini nani angemusikiliza, jeneza likiwa linatolewa?

Mbele ya kuzika, mukubwa wa familia anaita watoto wa marehemu, wazima na wafu, mumoja mumoja. Kazi ile ilikuwa yangu. Ngabu aliipatia binamu yetu. Akaita wote, isipokuwa Lobo, aliyeishi wiki mbili tu, mbele Ngabu azaliwe. Binamu angemujua wapi? Jina lilikuwa mudomoni mwangu. Nikanyamaza, juu nafasi ya kusema sikupewa.

Maziko yalipoisha, Neema alifungua ordinateri mbele ya Ngabu, akafinya karibu na jina la mama yake. Watoto wote wakatoka. Ngabu akaweka kidole kwa kisanduku cha kwanza.

"Huyu Lobo ni nani?"

"Ni yaya yako, aliyekutangulia kuzaliwa," nikamwambia.

Akakaa chini kwa udongo. "Basi tumemuzika mama bila yeye."

Ndugu wasomaji, mukitaka kutuma majina ya watu, mukunjue kwanza matawi yote. Kisha mufungue foto ile kwa telefone ya mwingine, mutafute kila mutu kwa kidole. Na weye unayekosa jina lako, usinyamaze. Piga telefone siku ile ile, hata kwa hasira. Kama Feliste angenitukana, leo ningekuwa na kitu cha kukumbuka.