Kashe Ambayo Kétsia Hakuifuta

Kila siku alipotoka shuleni, Kétsia alivua sare, akala alichowekewa na mama yake, kisha akavuka ua na kuingia katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vipuri la baba yake. Humo ndimo kaka yake, Bienvenu, alimofanyia kazi. Bienvenu alisomea kompyuta mjini Goma, na aliporudi nyumbani Sake alitengeneza tovuti ya kueleza hali ya barabara: ipi inapitika, ipi ina matope, wapi udongo umeporomoka. Madereva walipiga simu kutoka Masisi, Walikale na Burungu, naye Kétsia, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliandika habari zao kwenye kompyuta. Wasafiri walizisoma katika simu zao kabla ya kuondoka.

Mwanzoni tovuti ilikuwa nzito mno. Kila mtu alipouliza njia, seva, yaani ile kompyuta iliyotoa majibu, ilipekua upya habari zote za tangu mwaka uliopita, hata kama mtu mwingine aliuliza swali lile lile dakika moja tu kabla yake. Siku za soko, watu wengi walipouliza kwa pamoja, ilikwama kabisa. Ndipo Bienvenu alipoongeza kitu alichokiita kashe. Tangu hapo, jibu la kwanza liliwekwa tayari pembeni, na kila aliyeuliza baadaye alipewa jibu hilo hilo papo hapo, kwa muda wa saa sita.

Watu walifurahi. Hata hivyo, Bienvenu alimwonya dada yake kwamba habari mpya ikiingia, kashe haina habari nayo. Ilimpasa abonyeze kitufe cha kuifuta, kisha afungue ukurasa kwenye simu ili ahakikishe. Bienvenu alikusudia kuifanya programu iifute yenyewe, ila kazi zilimsonga, akawa anaahirisha.

Jumatano moja, saa nane mchana, Hakorimana, dereva aliyepita njia ya Burungu kila siku, alipiga simu. Alisema mvua imebeba daraja la mbao katika njia hiyo. Magari hayawezi kuvuka. Mwenye haraka achukue pikipiki na kupita njia ya kilimani. Kétsia aliandika yote bila kukosea neno. Wakati huo wenzake wa kwaya walikuwa wakimwita kutoka barabarani, kwa maana mazoezi yalikuwa yameanza. Aliiacha kompyuta, akasimama.

Bienvenu, aliyekuwa ameinamia nyaya upande wa pili wa chumba, alimuuliza bila kugeuka, "Kashe umeifuta?"

"Njo, ndiyo, nimeifuta," Kétsia akajibu, akatoka mbio. Alijiambia kwamba atairudia baada ya mazoezi. Hakuirudia.

Saa tisa, jirani yao Mama Mukagasana, muuza maharagwe, aliletewa habari kwamba mama yake mzazi amefariki kule Burungu na kwamba maziko yatafanyika kesho yake saa nne asubuhi. Alifungua tovuti huku akilia. Kashe ikampa jibu la saa saba: njia ya Burungu inapitika. Akaingia katika gari la mwisho. Walipofika mtoni, giza lilikuwa likiingia, daraja halipo na maji yamejaa. Walilala garini. Asubuhi walirudi nyuma mwendo mrefu hadi kwenye njia panda, na hapo ndipo alipopata pikipiki. Alifika Burungu saa saba mchana. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, na watu wengi walikuwa wameondoka.

Habari hizo zilifika Sake kabla yake. Majirani walimlaumu Hakorimana, wakisema kwamba aliona daraja limevunjika akanyamaza. Hakorimana alikana, ila nani angemsikiliza, wakati watu wengi walisoma kwenye ukurasa kwamba njia inapitika? Bienvenu mwenyewe, aliyeamini kwamba kashe ilifutwa na hakujua simu ile ilisema nini, alisema hatapokea tena habari zake. Kétsia alisikia yote hayo. Mara mbili alifungua kinywa amwambie kaka yake, na mara mbili akazungumza mambo mengine.

Mama Mukagasana aliporudi, watu walikwenda kumpa pole. Kétsia alienda na Bienvenu. Mama huyo alikuwa akisimulia jinsi alivyomwahidi mama yake kwamba atamwona tena kabla ya mavuno. Hapo Kétsia hakuweza tena kuvumilia. Alipiga magoti mbele yake.

"Mama, si kosa la Papa Hakorimana. Alinipigia simu saa nane. Mimi sikufuta kashe, halafu nikadanganya kwamba nimeifuta."

Bienvenu aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba na yeye ana kosa, kwa kuwa aliacha usalama wa watu utegemee kitufe kimoja. Jioni ile ile alienda kwa Hakorimana pamoja na dada yake, wakamwomba radhi mbele ya madereva wenzake. Kesho yake Bienvenu aliketi akairekebisha programu: habari mpya ikiandikwa tu, jibu la zamani linafutika lenyewe, na chini ya kila jibu inaonekana saa ambayo habari iliandikwa. Kétsia aliijaribu mara kumi. Mara zote kumi ilifanya kazi vizuri, naye akalia, kwa kuwa ilikuwa imechelewa.

Jumamosi alimpelekea Mama Mukagasana maji na kuni. Mama alimkaribisha aketi karibu naye. Akamshika mkono.

"Nimekusamehe, mwanangu, na sitarudi nyuma. Lakini mama yangu alizikwa nami sipo, na hilo wewe na mimi hatuwezi kulitengeneza. Ile mashine ilinipa maneno ya zamani kwa sababu haikujua. Wewe ulijua. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ukisahau, sema nimesahau. Usiseme uongo hata wa neno moja, maana hujui ni muntu gani atafunga safari kwa neno hilo."