Mlima Hausemwi Kabla ya Kupandwa

Loise alikutana na Kizza mtaani Sherikat, miaka ile ya baada ya mkataba wa amani, kwenye msururu wa malori yaliyongoja kuvuka daraja la Juba. Viatu vyeupe vya Loise vilikuwa vimeshageuka vyekundu kwa vumbi. Mkenya huyu alitumwa na shirika lake la misaada kuandika mwongozo wa barabara ya Nimule, mpakani na Uganda, kwa Kiingereza: "steep" kwa mlima mkali, "gentle" kwa mwinuko wa taratibu, ili madereva wageni wajue kinachowangoja. Kizza, Mganda wa shati la maua, alikuwa amejilaza kivulini chini ya lori lake.

"Nimule unaijua?"

"Mimi iko napita kila wiki, nyabo, bibi yangu."

"Basi niambie. Mlima wa kwanza, steep ama gentle?"

"Gentle."

"Wa pili?"

"Gentle tu. Kama wewe."

Loise alicheka, akaandika. Namba ya simu nayo aliitoa, tena bila kubembelezwa sana. Kila Kizza alipofika Nimule na simu kushika mnara wa Uganda, alipiga.

"Malaika yangu, umekula?"

"Nimekula. Wacha kumwaga sukari, Kizza, lete matoke."

Jumapili alimtembelea nyumbani kwake mtaa wa Atlabara, shati limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mvua zilipokwisha alikuwa ametamka neno ndoa, na Loise alikuwa karibu kukubali.

Ndipo Ater, dereva mpya wa shirika aliyezoea tambarare za Bor, alipousoma ule mwongozo. Mlima wa pili: gentle. Akauvamia na gia ya nne. Lori likaishiwa nguvu katikati, likarudi nyuma na mahindi yake, likalala ubavu. Ater akavunjika mkono.

Loise alimfuata Kizza kule Sherikat, huku amefura kwa hasira.

"Mlima umesimama kama ukuta, wewe unaniambia gentle?"

"Loise, sisi madereva hatusemi mlima vibaya kama bado tunaenda kuipanda. Itasikia. Si nyinyi wenyewe mnasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo?"

"Usiniletee methali! Mtu amevunjika mkono. Nitaolewaje na mtu ambaye neno lake siwezi kuliandika?"

Kizza alikwenda hospitali kumwomba Ater radhi, akasamehewa. Loise hakupokea simu zake. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Asubuhi moja Kizza alisimamisha lori nje ya ofisi ya Loise. Lilikuwa limeshiba vyuma chakavu vya kupeleka Uganda, na Matiya, dereva mwenzake, alikuwa ameketi ndani.

"Toa kalamu," Kizza alisema. "Mimi bado sijapanda. Andika: mlima ya kwanza, steep. Ya pili, very steep, gia ya kwanza kutoka chini. Ya tatu ndiyo mbaya kabisa, na juu iko kona."

Matiya alifanya ishara ya msalaba. "Kizza, unatuua!"

Loise aliandika. Yeye hakuamini kwamba milima ina masikio, lakini Kizza aliamini, na alikuwa anakwenda kuipanda leo hii.

"Enda pole pole," alisema. "Na unipigie."

Siku nzima hakufanya kazi ya maana. Chai ilipoa mezani. Jioni simu ikalia.

"Tumefika. Matiya amekataa kuongea na mimi, lakini tumefika."

"Asante Yesu! Kizza, nakubali. Njoo unipose kwetu Murang'a."

"Kwa mzee?"

"Kwa mzee, na wajomba wote, na shangazi yangu aliyewarudisha wachumba wawili kabla yako. Unauonaje huo mlima? Steep ama gentle?"

Loise alimsikia Kizza akimeza mate huko Nimule.

"Gentle, mpenzi," alisema mwishowe. "Gentle kabisa."

Loise akacheka hadi machozi yakamtoka. Alijua sasa kwamba mwanaume huyu anaogopa sana, na kwamba atakuja.