Ngazi Nyingine Mlangoni

Kijana mwenyewe alijiona amependeza. Suruali ya krimu, viatu vyeupe pe, manukato ya kumlewesha ng'ombe, na wapi? Soko la jumla la mboga, asubuhi, wachukuzi wakipiga kelele na maji ya kuoshea mboga yakitiririka njiani! Akakanyaga jani la kabichi, akateleza, akakaa kitako juu ya gunia la karoti la dada mmoja aliyevaa gauni la njano na mabuti ya mpira.

"Karibu kiti," dada akasema. "Ila hicho kinauzwa."

"Samahani, mrembo. Nitalinunua gunia lote."

"Utalibebaje? Mtu mwenyewe hata kutembea hajui!"

Dada akacheka, na kijana akapoteza hata ile akili kidogo aliyokuja nayo. Wachukuzi walimbatiza Bwana Viatu papo hapo.

Kuanzia siku hiyo simu hazikukatika. Kila jioni Bwana Viatu alijilaza kwenye chumba chake cha kupanga, ghorofani juu ya kinyozi, akaanza kubembeleza.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula. Wewe umejifunza kutembea?"

"Si unifundishe."

"Ada yangu huiwezi, mpenzi."

Dada alimweleza kila kitu: shamba lao bondeni, pembezoni mwa mji, udongo wake mweusi ti, wa majani yaliyooza tangu enzi na enzi, mitaro aliyoichimba babu yake ili kulikausha tope, baba yake mkali. Naye Bwana Viatu alijieleza vipi? "Niko ofisini." Basi. Mwanaume mzima! Ofisi yenyewe ndiyo ile iliyokuwa ikiwashawishi wakulima wa bondeni wazibe mitaro, maji yarudi, udongo usizidi kuisha. Alijua fika. Aliogopa kuachwa, akafyata ulimi.

Ukweli ulikuja na gari la ofisi. Wakulima walikuwa wamekusanyika kwenye banda la kuoshea karoti, na mtaalamu aliyeshuka kuwahutubia akawa yeye, na viatu vyake. Akaeleza kwamba udongo ule ukikauka unaliwa na hewa, unashika moto, unadidimia.

"Kwa hiyo tulime vyura?" akauliza baba yake dada.

Banda zima likaangua kicheko. Dada alicheka kuliko wote, machozi yakimlenga, kisha akaondoka bila kumtazama. Jioni simu yake ikaita weee, mwishowe akaizima.

Jumamosi Bwana Viatu akajikongoja hadi kwao. Alimkuta mzee, misumari mdomoni, akipigilia ubao chini ya ngazi za mlango. Nyumba za bondeni zimesimama juu ya nguzo ndefu zilizofika kwenye mwamba, na kila baada ya misimu kadhaa ngazi ya chini hubaki ikining'inia hewani, ikabidi iongezwe nyingine.

"Nyumba inakua," mzee akamwambia, uso mkavu.

Hapo ndipo mpumbavu yule alipoharibu. "Hapana, mzee. Nyumba haikui. Ardhi ndiyo inayoshuka."

Dada akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Lo! Tumepata mwalimu! Unadhani hatujui? Utotoni nilikuwa naruka kutoka hapa hadi chini. Leo nikiruka navunjika mguu. 'Nyumba inakua' ndilo jibu letu kwa watu wa ofisini. Wenzako waliotangulia waliliandika kabisa!"

"Sasa kama mnajua..."

"Tunajua! Maji yakirudi karoti zinaoza, nasi tule nini? Wewe utarudi zako juu ya kinyozi, mshahara unaingia. Udongo wetu unauonea huruma, mimi ukanidanganya!"

"Nilikuficha kwa woga. Nakupenda, na nilijua utanidharau."

"Nakudharau. Endelea."

Bwana Viatu akamgeukia mzee. "Nikodishie kipande hiki kinachozunguka nyumba. Mtaro wake nitauziba kwa mikono yangu, nipande mafunjo ya kusukia mikeka. Hasara iwe yangu. Nikishindwa, mnicheke."

"Tutakucheka hata ukifaulu," dada akasema, lakini mikono ilikuwa imeshaondoka kiunoni.

Mzee akatema msumari. "Mpangaji simtaki, atakimbia. Mkwe hata akikimbia, binti yangu atamrudisha akimvuta masikio."

Bwana Viatu akamtazama dada. "Unasemaje, malkia? Utakubali nikuoe?"

"Vua kwanza hivyo viatu. Siolewi na mtu anayeogopa tope."

Akavivua. Akasimama peku mbele ya nyumba, udongo mweusi ukamfunika vidole, suruali ya krimu ikaharibika vibaya. Dada akashuka ngazi zote hadi ile mpya, akamshika mkono. "Mjinga wangu," akamnong'oneza.

Mzee aliokota ubao wa akiba uliobaki, akausukuma uvunguni mwa nyumba. "Huu tuuweke. Kama bwana huyu anasema kweli, hatutauhitaji tena."

"Na kama ni mwongo, baba?"

"Nitaupigilia," mzee akasema, akiipima nyundo mkononi. "Yeye atanishikia misumari."