Sikio la Mwanakondoo

Katika vilima vyote vya Bethlehemu hapakuwa na mchungaji hodari kuliko mimi, Hogla. Muulizeni mtu yeyote. Ila msimuulize baba, wala mama, wala wale kondoo.

Kila asubuhi nilitangulia na fimbo ya baba, mdogo wangu Iska akifuata nyuma na kombeo lake. Mimi miaka kumi na minne, yeye kumi. Siku moja baba, aliyekuwa ameteguka mguu, alimkabidhi Iska ile fimbo.

"Huyu?" niliruka. "Baba, huyu hata meno hayajamaliza kuota!"

"Kombeo lake halikosi. Tumjaribu siku saba. Asipopoteza kondoo, kundi litakuwa mikononi mwake."

Tangu hapo wivu ulianza kunila.

Siku ya sita Iska alirudi akihema. "Dada, nimemfukuza dubu! Jiwe moja tu, puani!"

"Dubu, au paka wa jirani?" nilimcheka. Lakini nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwetu, mnyama mkali akimla kondoo, mchungaji huleta mabaki, hata kama ni sikio tu. Asiyeleta huitwa mzembe. Basi siku ya saba, Iska akinywesha kundi, nilimwiba mwanakondoo mmoja, nikamkata ncha ya sikio, nikamfunga kwa mkanda katika pango lililo nyuma ya nyumba.

Jioni nilimwekea baba lile sikio mbele yake. "Nimeliokota bondeni. Dubu kala, na Iska amekuficha."

Iska alihesabu kundi. Mmoja hayupo. Machozi yakamtoka, akasimama mlangoni akipiga mluzi wake wa kuita kondoo.

Baba aliligeuza sikio, akaligeuza tena. "Dubu hurarua. Hili limekatwa sawasawa kama ngozi ya kiatu. Siku hizi dubu wanabeba visu?"

"Labda kucha zake kali, baba."

"Mwanangu, ukubwa si kumzidi mdogo wako miaka, ni kufurahi anapofaulu. Wivu humla hata kondoo ambaye dubu ameshindwa kumla. Kundi ni la Iska." Alinitazama. "Na kisu changu kiko wapi?"

"Sijakiona tangu juzi, baba."

Mlio mwembamba ukasikika nje. Mwanakondoo aliingia mbio, akajisugua miguuni pa Iska. Shingoni alikuwa na mkanda niliomfungia, umekatika, na kwenye mkanda huo ilining'inia ala tupu ya kisu cha baba.